Pikipiki Iliyoingia Zizini kwa Miguu Yake

Sijamsamehe baba mdogo. Nikisema hivyo mke wangu hucheka, kwa sababu kila Jumapili baba mdogo yuko kwetu anakula wali wangu. Kula tutakula, lakini kusamehe ni jambo lingine. Mtu anaazima pikipiki yako aende Sapiwi kuangalia ng'ombe, anairudisha kwa kuisukuma, anaiegemeza ukutani polepole kama mgonjwa, halafu anakuambia, "Imechoka kidogo."

Imechoka! Fundi wa pale Somanda aliifungua, akanusa, akanitazama kwa huruma.

"Injini imenoki, kaka. Oili haikuwemo hata tone. Vifaa mpaka viagizwe Mwanza."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi pikipiki hiyohiyo ilitakiwa iwe Ngulyati, nyumbani kwa baba mkwe, ikiwa mahari.

Mahari kwetu ni ng'ombe, na ng'ombe tulishapeleka wote isipokuwa wanne wa mwisho. Ukame ulipita kwenye zizi la baba yangu ukaacha mifupa. Mzee huyo alikwisha kuahirisha harusi mara mbili, na safari hii alisema mbele ya ndugu zake kwamba kama ng'ombe hawapo, basi ataipokea pikipiki yangu, ile niliyokuwa nabebea abiria pale Somanda, ihesabiwe badala ya hao wanne. Ila iingie kwake Jumamosi kabla mifugo haijarudi zizini. Mchumba wangu alinipigia simu akinong'ona, nadhani alikuwa amejificha jikoni.

"Isipofika usije tena. Baba akikataa safari hii, hageuki. Unamjua."

Nilikuwa namjua. Na yule binti nilimpenda kiasi kwamba nilikuwa tayari kutoa pikipiki iliyokuwa inanilisha na kurudi kulima pamba. Halafu mwenzangu anaikamua bila oili!

Fundi alishauri tukodi kirikuu, vile vigari vya kubeba mizigo, tuipakie twende zetu. Baba mdogo akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Yaya! Hapana kabisa! Ng'ombe wa mahari habebwi!"

Na hapo, kwa bahati mbaya, alisema kweli. Alikuwepo siku yule mzee alipomrudisha mtamba wa mahari ya binti yake mkubwa, kwa sababu tu waoaji walimleta juu ya gari. Alisimama mlangoni mwa zizi akawaambia, "Kwangu ng'ombe anaingia kwa miguu yake. Anayebebwa ni mgonjwa au ni kitoweo." Sasa kama pikipiki imesimama mahali pa ng'ombe, nayo iingie kwa miguu yake, yaani kwa magurudumu yake mawili.

"Tunaivuta na gari langu," baba mdogo akasema. "Kwa kamba. Tukifika juu ya kile kilima cha kwao tunaifungua, wewe unakaa juu yake, inateremka yenyewe mpaka uani. Ukiulizwa mbona imezimwa, unasema mtu mwenye adabu haingii ukweni na kelele."

Nakiri kwamba niliona ni mpango wa akili. Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumamosi mchana nilisimama Somanda nimevaa suti ya kuazima. Baba mdogo akaleta kigari chake cheupe, kile kisichoiweza njia ya Sapiwi, akatoa kamba ya kufungia mafahali, na kabla ya yote akatoa panga chini ya kiti akaliacha kwa fundi, maana kwetu huendi ukweni kupeleka mahari ukiwa na kitu chenye makali. Kumbukeni hilo panga. Mimi nimelikumbuka mara nyingi.

Baba mdogo amekulia machungani, na macho yake yalipotua kwenye usukani wa pikipiki yaliona pembe. Akafunga kamba kwenye pembe ya kulia. Gari likaondoka, pikipiki ikageuza shingo, ikalala, mimi nikalala nayo.

"Inagoma," akasema, akafunga pembe ya kushoto. Nikalala upande wa pili.

Fundi alikuwa amekaa anakula muhogo wa kukaanga, na wapiga debe wa stendi nzima walikuwa nyuma yake. "Mzee," akasema, "hiyo siyo fahali. Kamba ipite katikati, chini ya taa, uizungushe bila kufunga. Ile ncha aishike mwenyewe mkononi. Mambo yakiharibika anaiachia."

Katikati alikubali. Kuachia alikataa. "Kamba ya kushika mkononi ni ya mbuzi," akasema, akapiga fundo la fahali, fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Upande wa gari, ile ringi ya kuvutia ilishakatika zamani, kwa hiyo akafunga kwenye bampa. Bampa lenyewe lilikuwa limeshikiliwa na waya tangu alipogonga kisiki.

Kitu kimoja tu kilikuwa kizima kwenye pikipiki yangu, honi. Tukakubaliana. Nikipiga mara moja apunguze mwendo, nikipiga mara mbili asimame. Tulikubaliana mimi na yeye. Mama yangu na shangazi zangu wawili, waliokaa kiti cha nyuma wamejifunga vitenge vya sare, hakuna aliyewaambia.

Tukatoka mjini. Vumbi la lile gari lilinijaa mdomoni, puani, masikioni. Tulipofika kwenye makorongo ya kwanza nikapiga honi mara moja. Kiti cha nyuma kikalipuka vigelegele. Unajua honi kwenye safari ya harusi ina maana gani! Baba mdogo akasikia vigelegele, damu ikamchemka, naye akapiga honi yake ndefu akaongeza mwendo. Nikapiga mbili. Vigelegele viwili. Nikapiga nyingi bila kuhesabu, nikawa napiga kelele, "Simama! Nyie watu, simameni!" Shangazi mkubwa akatoa mkono dirishani akanipungia kitambaa.

Tulipopita kwenye senta moja, madereva wa bodaboda walisikia zile honi wakawasha pikipiki zao wakatufuata, saba au nane, wanazunguka kulia na kushoto, wanasimama juu ya viti. Mmoja akasogea karibu yangu, akatazama kamba, akatazama uso wangu.

"Bwana harusi," akaniuliza, "umekamatwa?"

Nikapiga honi tena, naye akanipigia yake.

Mbele kidogo kundi la ng'ombe likakatisha barabara na baba mdogo, ambaye honi yangu haikumsimamisha, akasimama ghafla kwa heshima ya ng'ombe. Breki zangu hazikuwa na heshima hiyo. Nikapita pembeni ya gari taratibu, kamba imelegea nyuma yangu, nikaenda kusimama sawasawa na dirisha lake. Tukatazamana.

"Mwadila," akasema, ile salamu yetu ya jioni, kama tumekutana mnadani.

"Baba mdogo, nikipiga honi mbili maana yake nini?"

"Kusimama."

"Sasa?"

"Nilidhani umefurahi."

Tulifika juu ya kilima jua likiwa limeshuka. Kule chini nyumba ya mzee ilionekana, bati lake, ua, zizi la miiba. Watu walikuwa wamejaa. Na upande wa mbugani lilionekana vumbi jingine linasogea. Ng'ombe wake walikuwa wanarudi.

"Fungua haraka," nikasema.

Baba mdogo akainama kwenye fundo. Akavuta. Akauma kwa meno. Fundo lilikuwa limevutwa njia nzima, limekuwa jiwe. Shangazi mdogo akajaribu kwa pini ya nywele.

"Leta panga," baba mdogo akasema. Panga lilikuwa Somanda kwa fundi, kwa sababu ya adabu.

Nilitaka kulia. Niliona kabisa yule binti anaolewa na mtu mwingine kwa sababu ya fundo. Tukaamua tushuke hivyohivyo, gari polepole, mimi nyuma yake. Sijui ni nani kati yetu alidhani pikipiki isiyo na injini itashuka polepole kwa sababu tumeiomba.

Nililipita gari katikati ya mteremko. Nikamwona mama dirishani, mdomo wazi, kigelegele kimekwamia kooni. Nikahisi kamba inakaza nyuma yangu, nikasema Mungu wangu pokea roho yangu, kisha nikasikia waya unakatika na kishindo cha bati. Sikuanguka. Bampa ndilo lililong'oka. Kwa neema tu kamba haikuingia kwenye gurudumu. Nikaendelea kushuka, bampa linanifuata linarukaruka kwenye mawe kwa mlio ambao kuku wote wa Ngulyati waliusikia, nikapita uani, watu wakatawanyika, nikaingia mlango wa zizi nikasimama kwenye samadi.

Nyuma yangu ng'ombe wa kwanza akafika mlangoni akagoma kuingia.

Mzee akaja na fimbo yake. Nikachuchumaa nikamsalimu. Akaizunguka pikipiki mara moja, akatazama kamba mpaka mwisho wake.

"Na hiki kinachoifuata?"

Baba mdogo alikuwa amekimbia kilima kizima, anahema. Akasema, na hili ndilo ambalo sitalisamehe hata nikiwa kaburini, "Ni ndama wake, baba."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alinitazama uso, uliokuwa vumbi tupu isipokuwa macho.

"Mwenye pikipiki nzima hali vumbi la gari namna hii," akasema. "Imekufa, sivyo?"

"Imekufa, baba."

"Kwa nini hukuruka pale mlimani?"

"Ningeruka isingefika."

Akagonga gurudumu kwa fimbo yake. Halafu akawageukia ndugu zake. "Imeingia kwa miguu yake, nimeona mwenyewe. Binti wamchukue. Lakini ndama huyu ni wa gari. Pikipiki nitaihesabu siku itakapozaa wa kwake."

Nilioa. Hilo ndilo nililolitaka na nililipata. Pikipiki ikabaki zizini, imefungwa kwenye nguzo kwa kamba ileile na fundo lilelile, kuku wanataga kwenye kiti. Na kila nilipokwenda kusalimia, mzee alinipokea kwa swali moja mbele ya watu. "Imezaa?" Nami najibu, "Bado, baba." Watu wanacheka, tunakula.

Mwaka wa kwanza nilicheka nao. Mwaka wa pili mke wangu akaanza kutoka nje swali lilipoulizwa, kwa sababu nasi tulikuwa tunasubiri mtoto na mtoto hakuja. Tulikwenda hospitali, tulikwenda kwenye maombi, shangazi alituletea mizizi. Mwaka wa tatu mzee akaacha kuuliza. Ananipokea, ananipa kiti, anazungumzia mvua. Hapo ndipo iliponiuma kabisa, heri angeuliza.

Binti yetu alizaliwa mwaka wa tano. Alipoanza kukaa tulimpeleka Ngulyati kwa kigari kilekile kisicho na bampa. Mzee alimpokea mikononi kabla mke wangu hajamaliza kushuka, hakutusalimu, akaenda naye moja kwa moja zizini. Akafukuza kuku. Akamkalisha mtoto juu ya kiti cha pikipiki, akamshika mbavu kwa mikono yote miwili.

"Njooni wote," akaita. "Nimeihesabu. Imezaa."

Kisha akamwagiza baba mdogo alete panga, akate ile kamba. Baba mdogo alikata, ikamchukua mapigo matatu. Mimi nililia palepale mbele ya ng'ombe, na sikujali nani ananiona.