Dawa Iliyoishia Tumboni

Harufu ya mnanaa hadi leo hunirudisha Mwakiro, mwaka ule tuliporejea kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Vidonda vilinijaa mdomoni, hata uji wa vuguvugu ulinitoa machozi. Wenzangu darasani walisema Kiswahili cha kambini ndicho kilichoniozesha ulimi.

Mama alinipeleka zahanati. Muuguzi alitupatia kitubu cha dawa ya kupaka, yenye harufu ya mnanaa, bila kunitazama.

"Inapakwaje, muganga?" Mama aliuliza.

"Unapaka tu, basi. Suivant," akajibu, akimwita mwingine.

Mama alinipaka kwa moyo wote. Hata hajafunga kitubu, mate yalikuwa yameshaibeba dawa, nikaimeza. Vidonda vikazidi kuchimbika. Tuliporudi, muuguzi alicheka.

"Nyinyi batu ba Tanzania. Mutoto analamba dawa sawa asali, kisha munasema dawa iko mubaya."

Mama alinishika mkono, tukatoka. Mimi nilichemka kwa hasira, na mdomo wa kumjibu ndio huo uliovimba.

Tukaenda Gitega kwa mama mkubwa. Muuguzi wa huko, mwanamke asiye na papara, alitoa dawa ileile, kitubu kilekile. Ila kwanza alilivuta shavu langu, akakikausha kidonda kwa kitambaa safi, ndipo akaibandika dawa taratibu, bila kusugua.

"Usile, usinywe, usiiguse kwa ulimi mpaka ishike," aliniambia. Kisha akampa Mama kitambaa ajaribu mwenyewe. Dawa iling'ang'ania kama utomvu wa mgomba.

Nilipopona, Mama alipitia zahanati ya Mwakiro kabla hata hatujafika nyumbani. Alisimama mbele ya foleni nzima.

"Dawa yako ni nzuri, muganga. Nilikuuliza inapakwaje. Ungesema 'kausha kwanza', mwanangu asingeteseka."

"Mama, batu iko bengi hapa."

"Basi waambie wote."

Kwenye benchi, mama mmoja mwenyeji, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka, alimpakata mtoto aliyevimba midomo. Aliuliza polepole, "Kumbe ni kukausha kwanza?"

Utotoni niliamini muuguzi yule alituchukia sisi wakimbizi tuliorudi. Ukubwani ndipo nikaelewa swali la mama yule, na hasira yangu ikaongezeka: wenyeji nao walikuwa wakimeza dawa zao majumbani, wakiilaumu midomo yao.