Tofi Alivyokataa Kukumbatiwa

Nilipokuwa mtoto, mbwa wa mtaa wetu wa Jamhuri walikuwa wa kazi. Mchana walifungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku wakafunguliwa wabweke, na hakuna aliyewaza kuwapapasa. Ndiyo maana Tofi wetu alikuwa kioja. Alikuwa spanieli, mbwa mfupi wa rangi ya kahawia, mwenye masikio marefu yaliyolowa kila alipokunywa maji kwenye bakuli. Alilala ndani, juu ya gunia jikoni, na kwa adabu alinishinda hata mimi. Chakula hakukigusa mpaka aambiwe "haya". Mgeni akibisha hodi, alikaa kitako kando ya mlango na kungoja asalimiwe, kama mzee wa kanisa.

Tulimpata mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mkubwa wa baba katika ofisi moja mjini, Mwingereza, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akauliza nani angemtunza mbwa wake. Baba alikuja naye jioni moja, amemficha ndani ya koti, na uso wa mtu asiyejua amefanya nini. Mama alisema mbwa hataingia jikoni kwake. Hazikupita wiki nyingi nikamkuta mama mwenyewe jikoni, anamenya viazi na kumsimulia Tofi habari za majirani.

Sikuwa na ndugu. Nikitoka shule nilikimbia nyumbani, nikatupa mkoba, nikapiga magoti kizingitini na kumkumbatia Tofi shingoni, naye akaniegemea kwa uzito wake wote. Halafu tulikwenda kukimbizana kwenye nyasi ndefu upande wa uwanja wa maonyesho, mpaka mama atume mtu kutuita.

Basi siku moja, kiangazi kikiwa kimeshika, nilimkumbatia kama kawaida, na kutoka ndani ya kifua chake nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ulikuwa mngurumo wa chini chini, kama wa gari lililo mbali. Nilimwachia. Akakaa, akanitazama, akatikisa mkia. Nikamkumbatia tena. Akanguruma tena, na safari hii nikaona jino.

Jioni mama alimpapasa kichwa, naye akangurumiwa. Lakini mwuza maziwa hakumngurumia, wala wageni, wala hata paka wa jirani. Aliwangurumia wanaompenda tu, tena pale pale walipokuwa wanamwonyesha kwamba wanampenda. Hilo ndilo lililotusumbua. Mbwa mkali tungemwelewa.

Wakati huo mama alikuwa mjamzito, amebakiza muda mfupi kujifungua, na baba hakutaka mchezo.

"Hii mbwa imeharibika," alisema. "Mtoto akizaliwa, siku moja itamuuma uso. Kuna mzee huko Mutuini anatafuta mbwa ya kulinda kuku. Atakuja Jumamosi kuichukua."

Nililia mpaka nikapaliwa. Baba hakuwa mtu katili. Aliogopa, na hofu ya baba siku zote ilitoka mdomoni ikiwa amri.

Katikati ya wiki hiyo Kukhu alifika kutoka Kimilili. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake mama, amekuja kumsaidia mwanawe kujifungua. Kwa desturi zetu mama mkwe na mkwewe hawachanganyiki ovyo, na nyumba yetu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo baba alikohoa kila alipotaka kupita sebuleni, na maneno yao yalipitia kwangu hata wakiwa wamesimama pande mbili za mlango mmoja. "Mwambie nyanya yako nimeleta sukari." "Mwambie baba yako asante sana."

Kukhu peke yake ndiye aliyeniita Nekesa. Kwa wengine wote nilikuwa Ruth. Nilijua tu kwamba Nekesa lilikuwa jina la mdogo wake mama, aliyekufa akiwa mtoto, na kwamba mama akilisikia hubadilisha mazungumzo.

Siku ile ile aliyofika, Kukhu alimwona Tofi akiningurumia. Aliweka chini kikombe cha chai.

"Ananguruma ukimpiga?"

"Hapana, Kukhu. Nikimkumbatia."

"Ukimkumbatia tu?"

"Ndiyo. Hata mama."

Alifikiri kidogo, kisha akazungumza polepole, kama mtu anayesoma Biblia mbele ya watu. "Mbwa anaona vitu ambavyo sisi hatuvioni. Na wafu wetu wanapenda kukaa karibu na watu wanaopendana, kama sisi tunavyosogelea moto. Ukimkumbatia huyu mbwa, kuna mtu anakuja kusimama nyuma yako. Huyo ndiye anayengurumiwa. Si wewe."

"Nani, Kukhu?"

"Mwenye jina lako."

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mama! Usimtishe mtoto."

"Simtishi, namwambia. Wewe ndiye hutaki kumtaja dada yako. Miaka yote hii! Mtu asipotajwa kwao, unataka aende wapi?"

Mama alirudi jikoni, na nikasikia sufuria zikigongwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Leo nikisimulia hayo watu hucheka, nami hucheka nao. Siku zile sikucheka. Nilitembea nikigeuka nyuma. Nikioga, nilitaka mlango uachwe wazi. Na niliacha kabisa kumgusa Tofi. Alikuja kunilaki nikampita, halafu akanifuata chumba hadi chumba kwa mbali kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekosa wapi. Hata hivyo haikuwa hofu peke yake. Kitandani nilijaribu kumwona huyo msichana akisimama peke yake huku watu wakikumbatiana, na nilimwonea huruma.

Ijumaa niliporudi kutoka shule nilimkuta Kukhu ametandika mkeka nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, amenyoosha miguu, na Tofi amelala kando yake. Mama alisema amekaa pale tangu asubuhi. Hakutaka hata kuletewa kiti.

"Njoo, Nekesa," Kukhu aliniita. "Kesho huyu mbwa anaondoka. Kabla hajaondoka nataka kujua mtoto wangu amesimama wapi, nizungumze naye. Wewe mpapase. Mimi nitaangalia macho yake yanakwenda wapi."

"Naogopa, Kukhu."

"Unaogopa nini na mimi niko hapa? Huyo ni mtoto wangu. Hawezi kukufanya kitu."

Nilikaa kwenye mkeka, nikampapasa Tofi mgongo. Akafumba macho. Nikampapasa tumbo. Akalala chali, miguu juu, na kwa kitambo nilisahau tulichokuwa tunatafuta.

"Sasa mkumbatie."

Nilipitisha mkono shingoni, mkono ukagusa sikio lake la kushoto, na ule mngurumo ukaanza. Nilitaka kuruka nikimbie. Kukhu alinishika bega.

"Tulia. Rudia."

Nilirudia. Kukhu aliinama hadi uso wake ukakaribiana na wa mbwa. Alimtazama, akamtazama. Kisha sauti yake ya Biblia ikatoweka, akabaki na ile ya mwanamke mwenye ng'ombe na mbuzi wa kutunza.

"Haangalii nyuma yako," alisema. "Anaangalia mkono wako."

Alianza kumbembeleza Tofi kwa Kibukusu, na kwa vidole viwili akaliinua lile sikio. Harufu ilitupiga puani wote wawili. Ndani palikuwa pekundu, pamevimba, panatoa usaha, na kutoka huko ndani kilichomoza kimkia cha punje kavu ya nyasi, zile zenye miiba zinazong'ang'ania kwenye soksi.

"Masikini wa Mungu," Kukhu alisema. "Anaumwa. Anatuambia msiniguse hapa, na hana mdomo wa kusema."

Alimwita mama. Mama alikuja ameshika kiuno, akapiga magoti kwa shida, akatazama. Nilingoja aseme kitu kuhusu harufu. Alikaa vile vile amelishika sikio, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kama Nekesa."

Nilidhani ananiita. Lakini alikuwa anamtazama mama yake.

"Zile siku za mwisho alikuwa ananisukuma. Nikitaka kumbeba analia, ananipiga na mikono. Akaniambia niende zangu. Mimi ndiye nilikuwa namlea, Mama, wewe ukiwa shamba. Akaniambia niende zangu, halafu akafa. Mimi najua alikufa amenichukia."

Kukhu alimkazia macho kana kwamba mwanawe alikuwa anazungumza lugha ya watu wengine.

"Akuchukie wewe? Hata mimi alinisukuma. Kichwa kilikuwa kinamuuma, mwanangu. Kumgusa ilikuwa kama kumchoma. Hukuambiwa?"

"Nani angeniambia? Baada ya kumzika hamkumtaja tena."

Siku zote Kukhu alikuwa amemlaumu mama kwa kunyamaza, na nadhani ni pale tu alipokumbuka kwamba mama alikuwa msichana mdogo, na kwamba walioanza kunyamaza walikuwa watu wazima.

"Kweli," alisema. "Hatukumtaja. Hatukuweza." Akavuta pumzi. "Usiku, ukishalala, alikuwa anauliza, dada amekula? Kila usiku. Hata ule wa mwisho. Dada amekula?"

Mama alilia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia hivyo, mabega yote, kama mtoto. Kukhu alimvuta, na kwa jinsi tumbo lile lilivyokuwa kubwa, ikabidi wakumbatiane kwa upande. Mimi sikujua niende wapi. Nilibaki na Tofi, nimemwekea mkono mgongoni, mahali ambapo hapakumuuma.

Baba aliporudi kutoka mjini alikohoa kwenye kona ya nyumba, akachungulia, akawakuta vile. Alisahau desturi zote. "Mama, kuna nini?" alimwuliza Kukhu mwenyewe, uso kwa uso.

"Mbwa anaumwa sikio," Kukhu alimjibu huku akifuta macho kwa leso. "Mpeleke kwa daktari."

Baba alitutazama mmoja mmoja, wanawake wawili na mtoto wamevimba macho kwa ajili ya sikio la mbwa, na hakuuliza tena. Huwa namshukuru kwa hilo.

Jumamosi mzee wa Mutuini alikuja kwa baiskeli, na kamba tayari mkononi. Alipewa chai na mkate, akaelezwa, akaenda zake bila kinyongo. Baba aliazima gari la jirani, tukampeleka Tofi kwa daktari wa mifugo upande wa Kabete. Daktari aliichomoa ile punje kwa koleo jembamba, akatuonyesha, akasema masikio ya mbwa wa aina hii ni kama mfuko: kikiingia kitu hakitoki. Tofi alilia mara moja tu. Baba, aliyekuwa amemshika mdomo, alikuwa anamwambia "pole, pole mzee" kwa sauti ambayo nadhani hakujua kwamba naisikia.

Tulipewa dawa ya matone. Kila jioni mimi nilimshika Tofi na Kukhu akamtilia dawa, na ili mbwa atulie Kukhu alikuwa anazungumza. Alizungumza juu ya Nekesa. Alivyoiba njugu zilizoanikwa. Alivyoogopa bata mzinga mpaka akapanda juu ya meza ya mchungaji. Mwanzoni mama alisikiliza akiwa jikoni. Kisha akaanza kusahihisha kutoka huko huko: "Haikuwa meza, Mama, ilikuwa kabati!" Mwishowe alikuja kukaa nasi, na wakabishana juu ya hilo kabati mpaka wakacheka kwa machozi.

Mngurumo uliisha bila sisi kuona siku ulipoisha. Alasiri moja nilipiga magoti kizingitini, nikamkumbatia, naye akaniegemea. Mdogo wangu alizaliwa baada ya hapo kidogo, na Tofi alilala chini ya kitanda chake kama aliyeajiriwa.

Nilipokuwa msichana mkubwa, mwenye elimu ya sayansi na maneno mengi, nilikwenda Kimilili likizo nikamwuliza Kukhu kama bado anaamini kwamba Nekesa alikuja nyumbani kwetu. Nilimkumbusha ile punje ya nyasi.

"Alikuja," alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Mimi nilikosea kitu kimoja tu. Nilidhani amekuja kwako. Alikuja kwa dada yake."

Sikumbishia. Hata sasa, nikiwa nimeupita umri wa mama wa siku zile, simbishii. Mimi naiamini punje ya nyasi. Lakini sisi tuliokuwa hatumtafuti mtu yeyote tulimtazama Tofi mara moja tu tukaona mbwa aliyeharibika. Kukhu alikuwa anamtafuta mwanawe, ndiyo maana alikaa juani kutwa nzima, akatazama vizuri kuliko sisi sote. Na ninajua jambo moja zaidi. Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla ya mzee wa Mutuini kufika, niliamshwa na sauti nje ya dirisha. Ilikuwa ya mama, lakini sikuwahi kuisikia ikitoka hivyo. Alikuwa anafua nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, na alikuwa anaimba.