Legacy, Outback na Mkono wa Mama Mkwe

Lango la Anko Maina kule Section 58, mjini Nakuru, lina viraka viwili vya rangi. Kimoja ni cha kijani, na kingine ni cha kijani. Alivipaka wakati binti yake Shiko akiwa darasa la nne, ili aone kipi kitastahimili jua na mvua. Sasa Shiko yuko chuo kikuu na lango bado linasubiri uamuzi.

Si kwamba Anko hajui vitu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Free Area, na ukimwomba misumari atakuuliza ni ya mbao gani, ukuta unaelekea wapi, na utatoka na misumari inayofaa kabisa. Mali ya watu huiamulia kabla hawajamaliza sentensi. Yake mwenyewe huhitaji misimu miwili ya mvua.

Basi pikapu yake ilipochoka kabisa na akatangaza kwamba anatafuta gari la familia linalovuta kwa magurudumu yote manne, tulitazamana. Mkewe Wariara akaniambia, "Mheshimiwa, muombee mamangu." Huniita Mheshimiwa kwa sababu ya hotuba zangu.

Mama yake, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya, anaishi Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Alikuwa amepangiwa upasuaji Nakuru, lakini siku ya kumchukua pikapu ikazama kwenye matope na nafasi ikapita. Akapewa tarehe nyingine, katikati kabisa ya masika. Nilisema wakati ule, na bado nasema, kwamba mwanamke aliyelisha miji kabichi maisha yake yote anadai barabara, hadai mkwe mwenye gari kubwa. Barabara ni haki, si zawadi ya kampeni. Wariara alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai.

"Sawa kabisa," akasema. "Na hiyo haki itafika Ndabibi kabla ya tarehe ya Mama?"

Kwenye yadi moja kando ya barabara ya Nairobi tulimkuta muuzaji anayeitwa Joash, amesimama katikati ya Subaru mbili za kijivu, moja Legacy na nyingine Outback, zote steshen wagoni, umri mmoja, bei karibu sawa.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mzee," alimwambia Anko. "Huyu Outback ameinuka kidogo tu."

Anko akayazunguka. Akafungua milango na kuifunga, akisikiliza kama daktari. Akapima buti kwa utepe wa dukani. Akalala chini kwa koti lake la kanisani na kuangalia matumbo. Kisha akashukuru, akaenda nyumbani. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena, hata Joash akaanza kumtengea kiti.

"Mzee, ukiendelea hivi nitakuandika kazi," Joash akamwambia.

Mimi nilidhani ni ugonjwa wa lango. Lakini jioni moja Wariara alimwekea kikombe mbele yake kwa kishindo. "Baba Shiko, sema shida iko wapi."

Anko akasema akiwa anaangalia kikombe. Outback ingepita matope, lakini iko juu. Cucu ana magoti mabovu na haoni, lazima ainuliwe. Mgongo wa Wariara haumruhusu kuinua hata sufuria ya githeri. "Na mimi siwezi kumshika mama mkwe," akasema.

Kwao huo ni mwiko, si hadithi. Tangu alipopeleka mahari, Anko hajawahi kumpa Cucu mkono. Humsalimu kutoka mlangoni, macho yakiwa kwa kuku. Legacy nayo iko chini, Cucu angejiketisha mwenyewe kama kwenye kigoda, lakini lile tuta la udongo katikati ya njia ya Ndabibi lingeisugua tumbo.

"Moja inafika lakini hapandi," akasema. "Nyingine anapanda lakini haifiki."

"Nitamwinua mimi," nikasema. Kisha nikaongeza, maana sikuweza kujizuia, kwamba desturi inayomzuia mtu kumsaidia mzazi imegeuka kuwa ukuta na inafaa ibomolewe.

"Mheshimiwa," Anko akasema, "wewe hujaoa."

Ilipobaki siku moja kabla ya upasuaji, Joash akachoka. "Tuende na zote mbili," akasema. "Barabara iamue."

Tukaondoka, Anko na Wariara mbele kwenye Legacy, mimi na Joash nyuma kwenye Outback. Ndabibi hawaoni kila siku magari mawili yanayofanana yakifuatana polepole. Kabla hatujalifikia kanisa la kijiji, majirani walikuwa wameamua kwamba hiyo ni posa. Wanawake walitoka wakijifunga vitambaa, na mmoja akaja dirishani kuuliza tumekuja kumposa nani.

"Tumekuja kumchukua Cucu," Joash akajibu.

Jibu hilo lilitutangulia kwa mbio.

Kwenye kona ya mwisho Legacy ililisugua tuta kwa sauti iliyotutia ganzi menoni. Anko akaiegesha kwenye ua wa jirani, yeye na Wariara wakaingia garini mwetu. Outback ikatufikisha mpaka mlangoni.

Cucu alikuwa amekaa nje, mkoba magotini.

"Nasikia nimeposwa," akasema. "Huyo bwana ana ng'ombe?"

Wariara akamwongoza hadi kwenye gari. Nikanyoosha mikono. Cucu akaupapasa mmoja.

"Huu ni wa nani?"

"Wa mtoto wa ndugu ya Baba Shiko," Wariara akasema. " Amesoma."

"Aendelee kusoma."

Joash akajitolea. "Mathe, wacha mimi."

"Na wewe ni nani?"

"Wa magari."

"Hili gari ni la nani?"

Joash alimtazama Anko, na Anko alikuwa anatazama kuku.

"Mwenye gari ndiye ataniinua," Cucu akasema. "Kama halina mwenyewe, nirudi nikalale."

"Mama, ni mkwe wako," Wariara akanong'ona.

"Si namsikia akipumua pale kwa kuku? Maina. Nimekaa na heshima yako miaka yote hii, na haijanifikisha hospitali. Njoo. Mbuzi wa faini ya kunishika utamleta nikishaona, usije ukanipa aliyekonda."

Anko akavua kofia. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Joash," akasema bila kugeuka, "nachukua hii."

Akamwinua Cucu akiwa amefumba macho, kwa hiyo kati yao wawili hakuna aliyeona kitu.

Upasuaji ulifanyika. Siku bandeji zilipotoka, Anko alimshusha mbele ya lango lake, kisha akasimama kando, macho chini kama kawaida yake. Cucu akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka," akasema. Akageukia lango. "Na hapa mlimwagiwa nini?"

"Anachagua rangi, Mama," Wariara akasema.

Cucu akasogea. Akakitazama kiraka cha kwanza, akakitazama cha pili, kwa yale macho yake mapya.

"Ni rangi moja hiyo," akasema, na akamnyooshea Anko mkono ampandishe ngazi za mlangoni.