Adui wa Baba Hakukata Mti Hata Mmoja

Nimeshindwa na kompyuta kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Gemu yenyewe ni ya vita vya zamani. Unapewa watu wachache na eneo tupu, unawatuma wakakate miti, wachimbe mawe, walime. Ukishapata mali unajenga kambi, unaweka askari, kisha unakwenda kumpiga jirani kabla hajaja kukupiga. Niliipata nikiwa chuo na nimeihamisha kwenye laptopu tatu. Katika miaka yote hiyo adui wa ndani ya mashine amenitendea jambo lile lile. Mimi nahangaika na wakata miti wangu kumi na wawili, ukuta wangu umebaki na upenyo mmoja nyuma ya kilima ambao hata mimi nimeusahau. Yeye anatokea na wapanda farasi arobaini na kunyoosha moja kwa moja mpaka kwenye upenyo ule. Haulizi njia, hapotei. Ramani kwangu ni giza, kwake ni mchana.

Sikuwa na mtu wa kumlalamikia. Mwalimu mzima wa jiografia ukiwaambia wenzako ofisini kwamba kompyuta inakuibia, watakuangalia mara mbili. Nikanyamaza, nikazoea. Kushindwa nako mtu huzoea, kama kuzoea jirani mwenye redio kubwa.

Halafu baba akaja kukaa kwangu.

Baba ni bwana mifugo mstaafu. Mama alipofariki alibaki peke yake nyumbani kwake kijijini, ndani kidogo kutoka Usagara, na ng'ombe wawili wa maziwa aliokuwa akiwakamua mwenyewe asubuhi na jioni. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Maneno yalirudi baada ya wiki chache, mguu ukafuata, akaweza kutembea na fimbo. Mkono ukabaki nyuma. Nikamleta kwangu Buhongwa, na ng'ombe tukawaacha kwa mdogo wake, baba yangu mdogo, ambaye nyumba yake inapakana na ya baba.

Baba hakuhamia kwangu. Alikuja kama mgeni. Begi lake lilikaa chini ya kitanda, nusu ya nguo zikiwa bado zimekunjwa humo. Kila aliyekuja kumjulia hali alisikia sentensi moja: "Nikiweza kukamua tu, narudi kwangu." Mtu akimwambia hapa kwa binti yako ni kwako pia, aliitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, nikiweza kukamua, narudi kwangu.

Hospitalini walimpa kimpira cha kuminya ili vidole vipate nguvu. Alikiangalia, akaniangalia mimi. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira, mama." Ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Kimpira kikaenda kukaa juu ya friji.

Siku ile ile ya kimpira daktari aliniita pembeni, kwenye korido, dirishani ambapo ziwa lote linaonekana chini na kivuko kikikata maji kwenda ng'ambo. Hakuzunguka. Alisema kilichorudi kimerudi. Mazoezi ni ya kulinda kilichopo, mkono usije ukakunjamana kabisa, lakini kukamua asitegemee tena. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi hatua kumi kutoka pale, fimbo katikati ya magoti. Tulipokuwa tunashuka kilima akauliza daktari amesema nini.

"Amesema ufanye mazoezi, baba. Mkono utarudi."

Nilikuwa nimechoka. Niliamka saa kumi alfajiri, nikapanga foleni ya kadi, nikapanga foleni ya dawa, na nilichotaka ni tufike nyumbani bila mtu kulia. Nilijiahidi kumwambia ndani ya wiki ile. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ukaita wenzake.

Gemu aliigundua mwenyewe. Jumamosi moja nilikuwa nimechoka kusahihisha madaftari nikaifungua nijipumzishe, yaani nikapigwe. Baba akasogeza kiti.

"Hawa watu wadogo wanafanya nini?"

"Wanakata miti."

"Na huyu?"

"Anafukuza kondoo, baba. Anawapeleka nyumbani."

Hapo nikawa nimempata. Alinyoosha mkono wa kushoto kushika kipanya, nikakihamishia kulia. Nikamwambia kipanya kimetengenezwa kwa mkono wa kulia tu. Uongo mdogo, na ulifanya kazi ambayo kimpira kilishindwa. Kumpeleka mtu mmoja kwenye mti mmoja kulimchukua dakika nzima, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mdomo ukiwa umekaza upande mmoja. Mwezi ulipokwisha alikuwa anacheza saa mbili kwa siku. Laptopu nikaiacha nyumbani, maandalio ya masomo nikarudia kuandika kwa kalamu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimfungulia gemu, nikamwekea chai karibu, nikaondoka.

Nikirudi mchana salamu ilikuwa moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimepigwa tena."

Umeme ukikatika na chaji ikaisha katikati ya kipigo, alishukuru kama aliyepata neema. Lakini hakuwa mtu wa kupigwa akatulia kama mimi. Siku moja nilimkuta ameacha vita kabisa. Alikuwa amemtoa mpanda farasi mmoja na kumzungusha kwenye eneo la adui, polepole, ukingo kwa ukingo.

"Mama, hebu njoo uone. Huyu bwana ana wakata miti wangapi?"

Nikahesabu. "Watatu."

"Na msitu wake?"

Msitu ulikuwa umesimama wote. Karibu na kambi zake hapakuwa na kisiki hata kimoja.

"Kambi nne, ghala, mnara. Kajenga kwa nini, kwa nyasi?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini pia nilimwona amenyooka kwenye kiti, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. "Huyu hakukata mti hata mmoja. Kuna mtu anampa."

Nikamwomba radhi moyoni. Mimi miaka yote nilijua naibiwa, sikuwahi kwenda kuangalia visiki.

Ndipo akanieleza kazi yake, ambayo nilikua nayo bila kuielewa. Enzi zake alitumwa vijijini kuhesabu mifugo. Watu hawakupenda ng'ombe wao wahesabiwe, na habari ya bwana mifugo ilifika kabla ya baiskeli yake. Usiku wa kuamkia hesabu ng'ombe walihamishwa kwa shemeji, kwa mjomba, kijiji cha pili. Asubuhi mzee wa watu anakuonyesha ng'ombe sita waliokonda, anasikitika na wewe. "Basi nilikuwa siangalii ng'ombe," alisema. "Naangalia kinyesi zizini. Naangalia njia ya kwenda lamboni, kunywa maji, imechimbika kiasi gani. Naangalia ndama wangapi wamefungwa. Mtu atakudanganya, lakini kinyesi cha ng'ombe arobaini hakiwezi kuwa cha ng'ombe sita."

Nikamweleza ninachokijua. Ukichagua ngazi ya juu ya ugumu, kama hii yetu, mashine haipati akili zaidi. Waliotengeneza gemu wanaipa mali ya bure na kuiondolea giza kwenye ramani, kwa sababu bila hivyo haina ubongo wa kumshinda mtu.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo ni mjinga aliyebebwa." Kisha kicheko kikaisha. "Sasa mimi nashindana na nini?"

Nikamwambia ipo ngazi ya chini, ambayo adui anapunguzwa nguvu. Alikataa papo hapo. Hakutaka mtu aliyepunguzwa. Alitaka mtu kamili asiyeiba. Mtu huyo kwenye gemu ile hayupo, nimemtafuta miaka yote.

Akaiacha. Siku tatu laptopu ilikaa mezani imefunikwa na kitambaa, na yeye akakaa kibarazani akitazama mawe ya kilimani, mkono ukiwa mapajani. Siku ya tatu, nikimfunga vifungo vya shati, niliona vidole vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Nilipojaribu kuvinyoosha akavuta pumzi kwa maumivu, akageuza uso nisimwone.

Niliogopa. Jumatano asubuhi nikafungua gemu, nikashusha ngazi mpaka chini kabisa, nikamwita.

"Baba, nimeirekebisha. Sasa hapewi kitu. Mko sawa kwa sawa."

"Sawa kwa sawa?"

"Sawa kwa sawa."

Neno la ngazi huonekana mwanzoni tu, na anayefungua ni mimi. Njiani kwenda shule nilijiona mjanja sana.

Jumamosi alishinda. Nilikuwa jikoni nachambua dagaa, nikasikia fimbo inagongwa sakafuni na mtu anaita mama, mama, mama. Kioo kilikuwa kimejaa moshi wa kambi za adui. Baba alikuwa anatabasamu kwa mdomo wote, hata ule upande uliogoma. Hakungoja nikae. Alimpigia baba mdogo na kumwambia amemwangusha mtu aliyekuwa akimpiga miezi miwili, tena kwa mkono wa kulia. Kisha akasema aoshe ile ndoo ya kukamulia, atakwenda mwisho wa mwezi. "Mkono umeamka, mdogo wangu. Umeamka."

Nilirudi jikoni. Sikuwa na furaha hata chembe. Nilichambua dagaa wale wale waliokwisha chambuliwa, nikiwaza nitamwambia vipi, na sikupata njia.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala, yeye akaenda mezani kuangalia ushindi wake. Ukishashinda gemu inaondoa giza lote na kukuacha utembee unapotaka. Alitembea karibu saa nzima. Mimi nilikuwa naanika nguo, namwona kupitia dirisha, mgongo wake umeinama mbele ya kioo. Nilijua anaangalia nini. Ningeweza kuingia na kuzima, nikasingizia chaji. Nikaendelea kuanika.

"Mama, njoo."

Nikaingia nikifuta mikono.

"Huyu ana machimbo ya dhahabu mlangoni kwake. Hakuyagusa. Ana mbao ghalani, hakujenga. Watu wake hawa hapa, wamesimama, wanaangalia jua." Alizungumza polepole, sauti ya kazini. "Huyu hakuwa sawa na mimi. Huyu amefungwa kamba. Nani kamfunga?"

"Mimi, baba."

"Lini?"

"Jumatano."

Alitumia mkono wa kushoto kuutoa wa kulia kwenye kipanya, akauweka pajani. Nilisubiri anifokee. Ningefokewa ningejibu, nilikuwa nimepanga na maneno: nimechoka, nafanya kazi, nakuogesha, nakupikia, ulitaka nifanye nini. Hakufoka.

"Miaka yote niliyohesabu mifugo," alisema, "sijakuta mtu aliyeficha sehemu moja tu. Ukimkuta na ng'ombe kwa shemeji, ujue mbuzi wapo kwa dada yake." Akanitazama. "Siku ile ya kimpira, daktari alikuambia nini?"

Nikamwambia. Nilisema kama daktari alivyosema, bila kuzunguka, kwa kuwa sikuwa na nguvu tena ya kuzunguka. Kilichorudi kimerudi. Mazoezi ni ili mkono usikunjamane. Kukamua hapana.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Alihesabu, nikaona midomo inataja miezi. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akanigusa kichwani kwa mkono wa kushoto, akasema nyanyuka, sakafu ni baridi. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo liliniuma kuliko lolote ambalo angeniambia.

Akaomba simu. Nikampa, akabonyeza kwa kidole gumba cha kushoto na kuisimamisha mezani, spika ikiwa wazi. Alizungumza na mdogo wake kwa Kisukuma, taratibu, kama watu wanaoulizana habari za mvua. Alimwambia ile ndoo asihangaike nayo. Alimwambia ng'ombe sasa ni wake, awakamulie mkewe na watoto. Kule upande wa pili kuku walisikika wakilia. Kisha baba mdogo akauliza kama ni wote wawili, na baba akajibu kwamba ni wote.