Paja la Bata Mzinga kwa Mtu Mmoja

Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kila nyumba huoka bata mzinga, mji mzima wa Nordvik ulipika kwa kusikiliza mdomo wa Arlys Tollefson. Tangu kupambazuka mpaka saa nne alikaa katika chumba kidogo cha redio yetu, shali mabegani na kahawa mkononi, akijibu simu za watu waliokuwa wanapigana na bata mzinga. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo nikiunganisha simu. Jina langu Orrin, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Mke wangu LaVonne husema ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiweza.

Arlys hakuwa mpishi wa hoteli. Alikuwa mjane wa mkulima, mrefu, mwembamba, mwenye mvi alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na ukiniuliza mimi, bila kioo. Aliishi peke yake katika nyumba ya shambani, barabara ya kaskazini, ambako hata gari la kuzoa theluji hufika limechoka. Lakini kila mwaka alituambia kwamba mwanawe Curtis anakuja na mkewe na watoto, nasi tukaamini. Nani angekwenda kutazama magari uani kwake siku ambayo kila mtu ana bata wake wa kumlinda? Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake.

Mafunzo yake yalikuwa machache, na alikuwa mkali ukiyapindisha. Chumvi itiwe tangu jana, chini ya ngozi na si juu yake. Oveni isifunguliwefunguliwe, bata si televisheni. Akitoka motoni aachwe apumzike kabla hajaona kisu. Rojo la matunda mekundu na pai ya maboga vipikwe siku moja kabla, meza iandaliwe asubuhi wakati mikono bado misafi, na kila mgeni aje na kitu, hata kama ni chapati za viazi za bibi yake zilizokauka kama kadibodi. Kisha, kabla sijazima maikrofoni yake, alimalizia kwa maneno yale yale: "Na wekeni sahani moja ya ziada." Sote tuliweka. Kwangu mimi sahani hiyo iliishia kuwekewa mifupa.

Mwaka ninaousimulia baridi ilitangulia kufika. Simu ya kwanza ilitoka kwa bibi harusi mpya wa upande wa ziwani, sauti imejaa machozi.

"Bata wangu bado jiwe, Bi Arlys. Nimemtoa kwenye friza tangu Jumapili."

"Ukamweka wapi?"

"Kwenye banda la gari. Friji lilikuwa limejaa bia za mume wangu Todd."

"Binti yangu, banda la gari mwezi huu lina baridi kuliko hiyo friza uliyomtoa. Umemtoa jela ukampeleka jela nyingine." Nikacheka peke yangu nyuma ya kioo. "Sasa nisikilize. Mzamishe kwenye maji baridi, na karatasi yake usiivue. Maji uyabadilishe kila nusu saa. Usitie ya moto hata ukishawishika. Mtakula jioni badala ya mchana, na hakuna atakayekufa. Na Todd ndiye abadilishe maji."

Akafuata bwana mmoja aliyesikia harufu ya karatasi inayoungua.

"Ulitoa kifuko cha firigisi na shingo?" Arlys akamwuliza.

"Kifuko gani?"

"Kile cha karatasi, kilichomo tumboni. Hukumtia mkono?"

"Niliona si heshima."

"Mtie, bwana. Mmeshafahamiana kiasi cha kutosha."

Ndivyo asubuhi ilivyokwenda, watu wakicheka majikoni mwao, mpaka taa ya simu ikawaka na nikasikia mtu anayepumua tu. Nilimjua kabla hajasema neno. Alikuwa Delmar Haugen, ambaye mkewe Ione tulimzika wakati wa kuvuna mahindi.

"Arlys," alisema.

"Delmar."

Akanyamaza tena. Redioni kimya ni dhambi, na nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye swichi ya muziki. Arlys akanitikisia kichwa nisithubutu.

"Nilitaka kuuliza," Delmar akasema. "Mtu akiwa mmoja. Anapikaje?"

Nilidhani atamwambia kanisani kuna chakula cha pamoja, au aende kwa dada yake. Arlys hakufikiri hata kidogo. Alijibu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake.

"Usinunue bata mzima, atakukalia friji mpaka umchukie. Nunua paja. Si kidari, kidari cha mtu mmoja hukauka ukiwa unavaa shati. Ile sufuria kubwa ya Ione iache kabatini, usiitoe hata kuitazama. Tumia kikaango kidogo cha chuma. Mkate wa kujazia, chukua vipande viwili vya jana, kitunguu nusu, siagi, utie ndani ya kikombe cha chai kisichopasuka motoni na ukiegemeze pembeni ya paja. Viazi umenye viwili. Kimoja kinatia huzuni."

"Na pai?"

"Nunua kipande. Ukiwa na pai nzima, kila asubuhi utaona ile iliyobaki."

"Haya."

"Tandika kitambaa. Na kwenye kiti chako cha siku zote usikae, maana kinatazamana na cha Ione. Hamia upande wa dirishani. Washa redio, si ya nyimbo, ya watu wanaozungumza. Na usile umesimama kwenye sinki, Delmar. Utataka kusimama. Mimi mwaka wa kwanza nilisimama, na chakula hakikushuka."

Hapo Arlys akasikia alichokisema. Niliona kupitia kioo jinsi mkono wake ulivyopanda shingoni ukabaki hapo.

"Mwaka wa kwanza?" Delmar akauliza polepole.

"Simu nyingine, Orrin," Arlys akasema.

Nilitazama ubao wa simu. Hapakuwa na taa iliyowaka. Mji mzima ulikuwa umeacha mwiko ndani ya sufuria, na kila mtu alikuwa ameelewa kile nilichoelewa mimi, kwamba hakuna anayejua mapishi yale asipokuwa ameyapika, na kuyapika si mara moja. Nikaweka wimbo wa kanisani ili kumfichia aibu. Siku hiyo Arlys hakusema habari za sahani ya ziada.

Simu ya ofisini ikalia. Alikuwa LaVonne.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi mkaribishe. Na usimkaribishe kwa ule mtindo wako wa kusema mara moja kisha unamshukuru Mungu amekataa. Sema mara tatu."

Huku kwetu, ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unasema usingependa kusumbua watu. Ya tatu unasema, basi, kidogo tu. Anayekubali mara ya kwanza huonekana amelelewa vibaya, na anayekaribisha mara moja tu huonekana hakutaka. Nimewahi kumwona mtu akirudi nyumbani na njaa kwa sababu mwenyeji wake hakuwa mzaliwa wa hapa.

Nilimkuta Arlys penye ndoano za makoti, anavaa buti.

"LaVonne anasema uje kula kwetu."

"Aa, hapana, Orrin. Mmeshajaa nyie."

"Nafasi ipo."

"Nisiwasumbue. Nina paja langu, limeshalala kwenye chumvi."

"Arlys, njoo kwetu ule."

Nikangoja ile "kidogo tu." Alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa, na fundo lilikuwa linamshinda.

"Hapana," akasema. Kisha, alipoona nilivyosimama, "Sikatai kwa adabu, Orrin. Nakataa kweli."

Nikafanya kazi yangu ya kunyamaza. Naye akasema.

"Curtis hajaja tangu nilipouza mashamba. Baba yake amekufa, mgongo wangu nao umekufa nusu, nikauza. Yeye alitaka kulima, na mimi sikumwuliza. Nikamwambia siku hii hii, mezani, nikifikiri mtu akishiba huelewa. Akakunja kitambaa chake akakiweka kando ya sahani. Akachukua koti. Pai ilikuwa bado haijakatwa."

"Na hapigi simu?"

"Krismasi hutuma kadi. Jina lake tu."

"Sasa kukaa peke yako kunasaidia nini?"

"Aliondoka siku hii. Akirudi, atarudi siku hii. Namjua, mkaidi kama baba yake, hawezi kuja siku ya kawaida akaulizwa amefuata nini. Haya, na aje, Orrin. Aje kutoka huko kote na watoto nyuma ya gari, akute mlango umefungwa, taa zimezimwa, mimi niko kwako nakula viazi vya LaVonne?"

Miaka yote ile nilikaa mbele yake, kioo tu kati yetu, nikiwacheka watu wa firigisi. Akachukua funguo zake akatoka, na mimi nikarudi kwenye simu kumweleza mke wangu kwamba nimeuliza mara tatu na nimekataliwa mara tatu, na kwa nini.

"Orrin," LaVonne akasema, "nani alikwambia lazima yeye ndiye atoke?"

Nilitoka bila koti. Arlys alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

"Je, sisi tukija kwako?"

Kwa swali hilo mila yetu haikuwa imepanga mtu akatae mara ngapi. Alisimama na kikwanguo mkononi, mvuke unamtoka puani.

"Mna viti?" akauliza. "Vyangu visivyoyumba ni viwili tu."

"Tutaleta."

"Na mpigie Delmar kabla hajasimama kwenye sinki. Mwambie aje na paja lake."

Tulimpeleka bata wetu barabara ya kaskazini akiwa amefungwa mataulo, amelala juu ya mapaja ya binti zetu wawili kwenye kiti cha nyuma, nao walipiga kelele za kuungua njia nzima. Viti vya jikoni vilifungwa kamba juu ya gari. Delmar alikuwa ameshafika. Amesimama mlangoni kwa suti ya kanisani, kikaango cha chuma mikononi, paja moja ndani, na kikombe cha chai kimeegemezwa pembeni vile vile alivyoelekezwa.

"Umelitia chumvi tangu jana?" Arlys akamwuliza.

"Nimeamua leo kula, Arlys. Jana sikuwa nimeamua."

"Basi tutalisamehe."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa muda nyumba ile ilipona kweli. LaVonne alishika jiko bila kuomba ruhusa. Madirisha yalipata ukungu wa mvuke wa viazi. Wasichana waligombana nani aponde, na Arlys akawaambia anayeponda kwa hasira huponda vizuri zaidi, waendelee. Nilimwona akinusa hewa ya jikoni kwake kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani.

Meza alikuwa ameiandaa tangu asubuhi, kabla ya kuja redioni. Sahani mbili. Moja yake, na nyingine upande unaotazama mlango. LaVonne akapanga zetu katikati. Gretchen, binti yetu mdogo, akavuta kile kiti kinachotazama mlango ili akae.

"Si hicho, mpenzi," Arlys akamwambia kwa upole. "Njoo huku kwangu."

Gretchen akahama. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye meza ile lake lilikuwapo, na uma wake, na kitambaa kimekunjwa. Delmar alikuwa amesimama hajui pa kukaa, mpaka Arlys akamsukumia kiti cha upande wa dirishani.

Kabla ya kula tulizunguka meza, kila mtu aseme anashukuru nini. Arlys alitutahadharisha tufupishe, kwa sababu mchuzi haujui kusali. Wasichana walishukuru kwa kufungwa shule. LaVonne alishukuru kwamba mumewe siku moja katika maisha yake alifungua mdomo. Delmar alisema, "Kwa Ione," halafu akaangalia kikaango, "na kwa paja," na hakuna aliyecheka mpaka yeye mwenyewe alipotabasamu.

Ikafika zamu ya Arlys.

"Mimi nashukuru," akaanza, na hapo tukasikia gari barabarani.

Nje mwanga ulikuwa unaisha. Gari lilikuja kutoka kusini, na penye kona ya sanduku la barua la Arlys likapunguza mwendo, kama magari yote yanavyopunguza pale kwa sababu ya barafu. Arlys alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mimi nilijikuta namwomba Mungu kwa nguvu ambazo kanisani sinazo. Gari likavuka kona, likakaza mwendo, likaenda zake.

Arlys aliendelea kuutazama mlango kidogo. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Nashukuru barabara haijafungwa na theluji," akasema, na akamsogezea Delmar viazi.