Kibuyu Kilichosoma

Juzi nilinunua maziwa sokoni Kitengela, kwenye ile mashine ambayo unabonyeza kitufe na maziwa yanashuka chupani. Muuzaji alinishangaa nilipoinamisha pua kwenye mdomo wa chupa. Akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hapana, ni mazoea tu. Maziwa hayakunukia chochote. Niliyabeba hadi nyumbani, na njia nzima mawazo yangu yalikuwa Kajiado mjini, kwenye soko la utotoni.

Kama ulikulia kule, utalikumbuka soko letu. Kiangazi lilikuwa la vitunguu, nyanya za mashamba ya kumwagilia na maharagwe ya msimu uliopita. Mvua ikishanyesha, likawa la mboga za managu, majani ya kunde na mahindi mabichi yanayochomwa langoni. Kando ya ukuta akina mama wa maziwa waliketi mstari mmoja, vibuyu vimeegemezwa magotini, shanga zikilia kila walipogeuka. Koko, mama mzaa mama, alikuwa wa tatu kutoka langoni.

Mnunuzi hakuanza kwa kuuliza bei. Alifungua kifuniko, akanusa. Kila mama alikuwa na moshi wake. Koko alisafisha vibuyu kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini. Alikisugua ndani kikiwa bado chekundu, akakung'uta majivu, akapangusa kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Sabuni haikukaribia. Watu walinusa kibuyu wakajua ni cha nani kabla hawajamtazama mwenyewe usoni.

Mwaka mmoja nilikuwa darasa la tatu, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha usafi. Vyombo vyote vya chakula vioshwe kwa maji moto na sabuni, alisema, tukakariri mpaka tukaota. Likizo ilipofika niliangalia vibuyu vya koko, vyeusi ndani kama sufuria ya kuni, nikamwonea huruma. Alfajiri ya siku ya soko, yeye akikama, nilivichukua vyote vitatu nikavisugua kwa sabuni ya kufulia hadi povu likatoka jeupe. Sikumwambia. Koko alikuwa na mafua juma hilo. Alitia maziwa, akafunga, tukaondoka.

Wa kwanza alikuwa mwenye hoteli. Alinusa, akarudisha kifuniko, akasema atapita baadaye. Nikamwona akiinama kwa mama wa nne. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Hapo jirani yetu muuza nyanya akaja kuona kuna nini, akanusa.

"Koko," akasema, "ng'ombe wako siku hizi wanafua nguo?"

Mstari mzima ukacheka. Koko hakucheka. Baada ya mvua maziwa yalikuwa kila mahali, na mteja aliyesogea hatua moja pembeni angeweza asirudi tena. Koko alikuwa ameketi pale tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na hakuwa na kibao chochote cha biashara ila ile harufu.

Akanigeukia. Nikasema ni mimi, mwalimu alisema. Hakunigombeza, na hilo likaniuma zaidi.

Ndipo akaja mama duka na sufuria yake. Alikuwa Msomali, mzaliwa wa Wajir, mwenye duka ng'ambo ya barabara, na maziwa ya chai ya watoto wake yalitoka kwa koko peke yake. Koko alifunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Leo sina maziwa, mama duka."

"Na haya?"

"Haya siwezi kukupa wewe."

Mama duka alikivuta kibuyu taratibu, akanusa, akanitazama. "Huyu ndiye ameosha?" Koko akaitikia kwa kichwa. "Ningekuwa mimi, mama yangu angenifukuza nyumbani," akasema, midomo ikimtetemeka kwa kicheko. Akatuambia tumfuate nyuma ya duka.

Maziwa yalinywewa na mbwa wa soko. Mama duka alichemsha maji, tukasuuza mpaka povu likaisha, kisha akachomoa kijinga jikoni kwake. Kumbe kwao pia chombo cha maziwa hufukizwa, ila kwa mti mwingine, mgunga. Wakabishana juu ya kichwa changu. Koko alisema mgunga unatia maziwa uchungu. Mama duka akasema oloirien inayafanya yanuke kama blanketi la mzee. "Shika vizuri, wewe msomi," akaniambia. Nilishika. Moshi uliniingia machoni, na niliushukuru, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nalia.

Siku ya soko iliyofuata mama duka alikuja mapema. Alisimama mbele ya mstari wote, akafungua kibuyu cha koko, akanusa polepole mpaka mazungumzo yakakatika. Kisha akanyoosha sufuria. Kabla ya saa sita tulikuwa tumeuza yote.

Vibuyu viwili vilipona. Cha tatu kiligoma; kila kilipofukizwa, harufu ya sabuni ilirudi. Koko alikiacha nyumbani kwa maziwa yetu wenyewe. "Niletee kile kilichosoma," alikuwa akisema, na sote tulijua ni kipi.

Koko hayupo tena. Pale ukutani sasa wanauza mitumba. Mashine ya maziwa ni safi, sina ugomvi nayo, lakini haiwezi kufunika mdomo wake ikaniambia haya siwezi kukupa wewe.

Kibuyu kilichosoma kiko juu ya friji yangu. Juzi, maziwa yakichemka, nilikishusha nikakifungua. Moshi bado upo. Nikaiacha pua mle ndani kidogo zaidi, na chini ya moshi, kwa mbali, nikaikuta sabuni yangu.