Safari ya Bwana Mwakani

Mume wangu alichapa kalenda kwa miaka thelathini na minne, na sidhani kama kuna nyumba iliyowahi kupotea tarehe kama yetu. Cheka tu, ndivyo ilivyokuwa. Kiwandani kwao kazi ya mwaka ujao ilianza kabla mwaka huu haujafika katikati, na kila karatasi ya majaribio iliyotoka mashinini na doa la wino, au picha iliyokaa upande, aliikunja akaja nayo nyumbani. "Hii haitupwi," alikuwa akisema, "ina kasoro kidogo tu." Anaitundika jikoni. Kwa hiyo ukutani kwangu mwaka ujao ulikuwa umeshaingia, na huu tuliokuwa tukiuishi haukuwa na hata msumari.

Nimeshampeleka binti yetu shuleni siku ya Jumapili, sare imepigwa pasi, tukamkuta mlinzi anakunywa chai peke yake. Nani alaumiwe? Mimi, eti sikutazama mwaka. Majirani walimwita Bwana Mwakani, na yeye akaitika. Ukimuuliza paa litazibwa lini, mwakani. Kitanda kitabadilishwa lini, mwakani. Nikimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, ananijibu kuwa haraka haraka haina baraka, kisha anafunua gazeti lake kama mtu aliyeshinda kesi.

Mikono yake ilinukia wino na mafuta ya taa ya kuutolea huo wino. Na alikuwa na tabia moja ya kazini ambayo hakuiacha mlangoni: hawezi kuona vitu viwili bapa vimepishana. Bahasha, sahani, shuka zilizokunjwa, vyote atavishika kwa viganja viwili avigongegonge mezani mpaka kingo zilingane. Siku ya harusi yetu aligongagonga kadi za mialiko zilizobaki. Mama yangu akaniambia, "Mwanangu, huyu atakuua kwa unadhifu." Hakuniua.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu kiwanda kilipata oda ya kalenda ya sherehe za mikoa. Kila mwezi ulikuwa na picha ya sherehe moja, na chini yake tarehe, chakula cha kujaribu na mahali pa kutembea kwa miguu. Alirudi nyumbani macho yanawaka. Mwezi ule baridi inapokatika na miti kuanza kuchipua ulikuwa na picha ya sherehe ya maua, katika mji mdogo ulio chini ya kilima. "Twende," akasema. Sio mwakani. Twende! Nilitaka kumpima homa.

Alipanga safari ile kama anavyopanga ukurasa. Nyuma ya karatasi moja yenye doa alichora mistari kwa rula. Tarehe kumi na mbili, mtoni, samaki wa kuchoma. Tarehe kumi na tatu, mji wa wafuga nyuki, mkate na asali, kulala kwa shangazi yake. Tarehe kumi na nne, sherehe ya maua asubuhi na kilima jioni. Mimi nilishona gauni la njano kwa ajili ya siku hiyo moja. Nililishona kwa mkono, cherehani ya jirani ilikuwa imeharibika, na nikaweka mikunjo kiunoni ambayo sijawahi kuweka tena tangu wakati huo kwa kuwa kiuno chenyewe kilihama.

Samaki tuliwala. Asali tuliila, shangazi akatuongezea kopo. Tarehe kumi na nne tukashuka kwenye basi mbele ya uwanja, mimi na gauni langu la njano, tukakuta wanaume wanne wanang'oa nguzo.

Maua ya karatasi yalikuwa yamelala chini yamekanyagwa. Yale ya kweli yalikuwa kwenye ndoo, vichwa vimeinama. Mama mmoja mpishi alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria kubwa kwa mchanga.

"Mama, samahani," mume wangu akamuuliza, "sherehe inaanza saa ngapi?"

"Sherehe?" Akatutazama kuanzia viatuni. "Sherehe ilikuwa Jumamosi ya pili, baba. Tarehe nane. Leo Ijumaa."

Lo! Nilimwona mume wangu anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Jumamosi ya pili ilikuwa tarehe kumi na nne kweli, ila katika kalenda ya mwaka ujao, ile aliyoichapa kwa mikono yake mwenyewe. Mganga hajigangi. Mtu aliyeishi mwaka mzima mbele ya wenzake, akachelewa siku sita.

Nilinuna. Sitaki kujisifu, lakini nilikuwa fundi wa kununa. Yule mpishi alituonea huruma, akatupa mkate uliobaki na mchuzi wa mwisho wa sufuria, nikala nimempa mume wangu mgongo. Tulipanda kilima nikiwa mbele, yeye nyuma na begi na kopo la asali. Huko juu upepo ulikuwa mwingi, na miti yote ya bondeni ilikuwa imechanua, bonde zima jeupe na waridi, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kuliona. Akaja akasimama karibu yangu.

"Utaninunia mpaka lini?"

"Mpaka mwakani!" nikamrushia.

Akaanza kucheka yeye. Nikajizuia, nikajizuia, nikashindwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani na gauni la njano likaingia doa ambalo halikutoka. Niseme ukweli, katika maisha yangu yote sijapata siku nyingine kama ile. Lakini yeye sikumwambia. Miaka arobaini nilimsimanga kwa siku zile sita, mbele ya wageni, mbele ya watoto, na kila mara alisema, "Tutarudi, mke wangu. Mwakani."

Sasa amestaafu, na kichwa chake kimeanza kumtoroka. Yeye aliyeishi mwaka ujao anaishi mwaka wa zamani. Anauliza kama karatasi za oda zimeshakatwa. Anaamka kwenda kazini katika kiwanda kilichogeuzwa ghala la magodoro. Wiki moja mwezi uliopita aliniita dada kwa siku mbili, kwa adabu sana, akaniuliza mke wake amekwenda wapi. Nilikwenda kulia bafuni, nikarudi nikamwambia yuko sokoni. Daktari alisema polepole, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa, kwamba siku za kunijua zitazidi kupungua.

Basi nikaamua: tutakwenda majira haya haya, angali ananijua. Nilinunua kalenda dukani, ya mwaka huu, ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Nikaitoa ile karatasi yenye doa chini ya godoro, nikakaa na binti yetu mkubwa kupanga.

"Mama, subirini mwakani," akasema. "Wajukuu watakuwa wamefunga shule, tutakwenda wote kwa gari."

"Koma!" Nilishtuka mwenyewe kwa sauti yangu. "Neno hilo nimelishwa miaka arobaini, nimeshiba. Mwakani atakuwa anakwenda na mwanamke asiyemjua."

Akachukua kalamu, akaweka duara kwenye Jumamosi ya pili. Nilimsomea mzee mpango: samaki, asali, sherehe ya maua, ngoma, watu kutoka kila upande. Alisikiliza kama anasomewa barua ya mtu mwingine. Kisha akasema, "Na yule mama anayesugua sufuria? Na zile nguzo?"

Nikamtazama. Nikaichukua ile kalamu, nikafuta duara, nikaliweka siku sita mbele.

"Mama," binti yangu akasema, na nilijua anawaza kuwa ugonjwa umeniambukiza na mimi. "Siku hiyo sherehe itakuwa imekwisha."

"Najua. Tunakwenda ikiwa imekwisha."

Tulikwenda, sisi wawili. Mtoni hakula samaki, alidai ana miiba. Kwenye mji wa nyuki aliniita dada tena, na nikaogopa kweli kweli, nikasema moyoni nimechelewa, safari hii ni mimi niliyechelewa. Usiku ule sikumbishia. Nilimfunga vifungo vya shati tu.

Siku ya tatu tukashuka mbele ya uwanja. Vijana walikuwa wanafungua mabomba ya chuma, nguzo za miti siku hizi hakuna. Karatasi za rangi zimetapakaa. Mwanamke mmoja alikuwa anaosha masufuria kwa mpira wa maji, akatuuzia mkate wa mwisho, akasema poleni, mmekosa. Kilima magoti yangu hayakukitaka. Tulikaa kwenye benchi ya uwanjani, na mbele yetu bonde ni lile lile, jeupe na waridi.

Mume wangu alitazama mabomba. Akatazama karatasi chini. Akageuka akanitazama mimi, usoni, kwa muda mrefu, na uso wake ukaingiwa na ile aibu ya zamani, ya kijana aliyekosea tarehe.

"Mke wangu," akasema. "Utaninunia mpaka lini?"

Jibu nililijua. Lilikuwa mdomoni kwa miaka arobaini, lakini safari hii sikulitoa.

"Nimemaliza," nikamwambia. "Leo hii nimemaliza. Na ilikuwa siku nzuri, unasikia? Nzuri kuliko zote."

Akaitikia kwa kichwa, ametulia. Kisha akachukua vipande viwili vya mkate, akavigongagonga kwenye benchi mpaka kingo zikalingana, akanipa kimoja.